Mrututu wa Bibi Mwaija

Machi 23

Masika yameanza leo, na paa la stoo ya maabara limeanza kuvuja siku hiyo hiyo. Asubuhi nzima nimehamisha chupa. Ile salfeti ya chuma, ambayo mwezi wa kwanza ilikuwa kijani safi, imegeuka kahawia kwa sababu kuna mtu hakukaza kifuniko. Hewa ikiingia, chuma kinashika kutu hata kikiwa ndani ya chumvi. Nimeuliza ni nani aliyefungua. Darasa zima likaangalia juu kwenye mabati.

Kuandika huku amenishauri Ikram, mwalimu wa Kiswahili ninayepanga naye nyumba hapa Chanika, Handeni. Ni mdogo kwangu, na mdomo wake hauna breki. Amesema, "Madam Fausta, hizo stori za uhamisho ziandike. Masikio yangu yamejaa."

Haya, naandika. Nafundisha Kemia hapa Handeni. Mume wangu Gregori ni fundi wa friji Manundu, kule Korogwe. Binti yetu Getruda, sisi tunamwita Getu, yuko darasa la kwanza na anakaa na baba yake na mama mkwe wangu Kilole, huko huko Korogwe. Mwaka jana alikaa na mimi hapa. Dada wa kazi akaondoka bila kuaga, nikawa namwacha kwa jirani nikienda shule, siku moja akaanguka kwenye ngazi akavunjika mkono. Gregori akaja kumchukua. Hakunilaumu hata kwa neno, na mimi nilitamani anilaumu.

Korogwe si mbali. Hilo ndilo linaloniuma. Ningepangiwa Kigoma ningejua nimekwenda na ningetulia. Lakini hapa kila asubuhi naona mabasi yanakwenda kwangu na mimi nimeshika chaki. Jumamosi nina masomo ya ziada na kidato cha nne, Jumapili nyingi nina zamu bwenini. Nakwenda mara moja kwa mwezi, kama mtu anayekwenda kliniki.

Ruhusa ya kuhama sipati mpaka apatikane mwalimu mwingine wa Kemia wa kukaa nafasi yangu. Sasa Mungu si Athumani, amepatikana. Anaitwa Hussein Semboja, anafundisha Kemia Korogwe, na kwao ni hapa hapa Chanika. Mama yake mzee anaishi peke yake na mguu unamsumbua. Yeye anataka kurudi kwa mama yake, mimi nataka kurudi kwa mwanangu. Tutabadilishana vituo. Wakuu wa shule zote mbili wamekubali. Mwezi wa sita tunapeleka karatasi, Julai kila mtu yuko kwake.

Machi 25

Mwalimu Semboja amepiga simu. Ameomba jioni niwe napita kumwangalia mama yake. Ningekataaje? Huyo mama ndiye tiketi yangu.

Bibi Mwaija anakaa nyuma ya msikiti mdogo, nyumba ya matofali ya kuchoma, mihogo hadi mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiyo wewe unayenitolea mwanangu Korogwe?"

"Ndiyo mimi."

"Kaa basi. Hapo usikae, hapo pa kuku."

Amenieleza habari za mvua ya mwaka huu, mvua ya mwaka jana, mbuzi wa jirani wanaokula mihogo yake, na marehemu mumewe ambaye alikuwa hali mlenda. Mguu ameufunika na khanga muda wote. Nilipouliza unaendeleaje, alisema mguu ni wake na anajuana nao. Nimerudi nimechoka kuliko kama ningefundisha vipindi sita.

Machi 27

Mvua. Getu kwenye simu: "Mama, utakuja lini?" Nimesema Pasaka.

Machi 30

Leo kidato cha tatu nimewachomea salfeti ya shaba. Nilipotoa tu yale mabonge ya bluu, darasa likachangamka. "Madam, huo si mrututu? Baba anachanganya na chokaa anapulizia nyanya." Mwingine, wa kule kwa wafugaji, akasema wao wanawaoshea mbuzi kwato zikioza. Nikafurahi. Kwenye kitabu inaitwa jina refu la kizungu, watoto wanakariri na kusahau. Ukisema mrututu, kila mtu ana ndugu yake anayeutumia.

Nikaweka punje kwenye neli ya kioo, nikapasha moto. Mvuke ukapanda, matone yakakaa kwenye mdomo wa neli, na ile bluu ikaanza kufifia mpaka ukabaki unga mweupe kama wa muhogo. Nikawauliza rangi imekwenda wapi. Wakasema imeungua. Hapana. Mle ndani ya kila punje kulikuwa na maji yamejibana na shaba, na bila maji hayo hakuna bluu. Nikadondosha tone moja la maji. Bluu ikarudi pale pale, na neli ikapata joto mkononi. Nikawapitishia waishike. Unga ule mweupe ndio tunautumia kujua kama kitu kina maji, kwa sababu hauwezi kuyaona ukanyamaza.

Walipiga makofi. Kuna siku kazi hii naipenda, ila sitaki Gregori ajue.

Aprili 6

Nimerudi kutoka Kilole. Siku tatu za Pasaka. Getu ameota meno mawili ya mbele na mimi sikuwepo. Anasoma maneno ya kwenye mabango yote ya barabarani kwa sauti, hata yale ambayo mtoto hapaswi kusoma. Gregori alipika pilau, akaunguza, tukala.

Leo asubuhi wakati wa kuondoka mtoto hakuonekana. Tumemtafuta mpaka dereva akaanza kupiga honi. Alikuwa amejificha uani nyuma ya friji mbovu za baba yake. Hakulia. Alisema tu, "Ukiniaga ndiyo unaondoka. Sitaki kuagwa." Nimepanda basi bila kumuaga. Njia nzima nimeangalia dirishani ili jirani yangu asinisemeshe.

Aprili 8

Mvua. Nimepita kwa bibi. Mbuzi wa jirani wamerudi.

Aprili 11

Leo nimeuona mguu.

Nimefika mapema kwa sababu masomo ya ziada yaliahirishwa, daraja la kwenda shule limejaa maji. Sikubisha hodi vizuri. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake makaa, juu ya makaa kigae cha chungu, na juu ya kigae yale mabonge ya bluu. Nikasimama. Mabonge yanafuka mvuke, yanafifia, yanakuwa meupe. Lilikuwa somo langu lile lile, bila neli.

Akaepua kigae, akasaga kwa jiwe, akafunua khanga. Kidonda kiko juu ya kifundo, kipana kama kiganja changu, pembeni pagumu, katikati pabichi. Akachukua ule unga mweupe kwa vidole akaunyunyiza. Ulipogusa tu majimaji ya kidonda, ukageuka bluu. Nilijua kabla hajafumba macho kwamba umepata joto. Ndivyo unavyofanya. Nimewapitishia watoto waishike.

"Bibi, huo unautumia tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Mrututu unakausha."

Nikamwambia. Nikamwambia kweli unaua vijidudu, ndiyo maana nyanya zinapona ukungu na mbuzi wanapona kwato. Lakini haujui kuchagua. Unaua na nyama hai inayotaka kuziba, halafu shaba inapenya kwenye damu na kwenda kuchosha ini na figo. Kila akinyunyiza, anafungua kidonda upya kwa mkono wake mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe si unawafundisha watoto wa watu chumvi hiyo hiyo? Mbona hamfi?"

"Sisi hatuweki kwenye vidonda."

"Basi kila mtu na somo lake."

Nikamwomba twende hospitali. Akakataa. Dada yake alikwenda na kidonda kama hicho, akarudi bila mguu. Akaniambia nisimwambie Hussein. "Ukimwambia ataacha watoto wa watu aje kunibeba anipeleke kule. Mimi nitamsubiri aje kwake. Julai akifika, nitakwenda naye huko hospitali, hata siku hiyo hiyo. Nimempa Mungu neno langu."

Julai. Nilisikia neno hilo likinipapasa moyoni kwa furaha, na nikaona aibu.

Aprili 12

Semboja kwenye simu: "Mama vipi?"

"Anaendelea."

Ni kweli, anaendelea.

Aprili 15

Tumepatana. Mrututu ameniachia, nimeuondoa wote pale kwake, na mimi kila jioni namwosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na chumvi ya kupikia, namfunga kitambaa safi. Alinipa mrututu wake kwa kinyongo, kama mtu anayetoa mbuzi wake. Ikram anasema nimeanzisha zahanati. Nimemwambia afanye kazi yake ya ngeli.

Aprili 19

Kitu ambacho sikutegemea: nimeanza kungojea jua lishuke niende kwa yule bibi.

Leo alinifumua nywele na kunisuka, mimi nimekaa kwenye mkeka, kichwa magotini pake. Mama yangu alifariki nikiwa chuoni. Tangu hapo wanaonisuka ninawalipa. Bibi Mwaija ana vidole vigumu, anavuta mpaka machozi yanatoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa ya nywele tena. Aliyaona. Hakusema pole. Aliuliza, "Mtoto anapenda karanga?"

Nikasema anapenda sana. Akakaanga karanga, akafunga kwenye mfuko, akaniamuru nimpe kondakta wa asubuhi azifikishe Kilole. Akasema, "Mwambie zimetoka kwa bibi yake wa Handeni. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini karanga zitakuwepo."

Aprili 21

Getu: "Mama, karanga nimemaliza. Bibi wa Handeni ni nani? Utakuja lini?"

Aprili 26

Ule unga mweupe niliouchoma Ijumaa nikaufungia kabatini kwa ajili ya kidato cha nne, leo nimeukuta una madoa ya bluu. Hakuna aliyeugusa, ni hewa tu ya masika. Unyevu umepenya kwenye kifuniko. Itabidi niuchome tena.

Mguu wa bibi haukauki. Pembeni pamelainika kidogo, ila katikati hapazibi. Anakunywa maji sana, na usiku anaamka mara nyingi. Kuna jambo hapo ambalo maji ya chumvi hayaliwezi.

Mei 2

Mkuu wa shule ameniita ofisini na kuniambia huko wilayani wamesema hawana pingamizi. Zikifika sahihi zetu wawili, basi. Nimempigia Gregori. Nikasikia anapiga mluzi, mtu ambaye huwa hapigi mluzi. Jioni akapiga tena kuniambia ametoa friji zote chumba cha nyuma na amekipaka rangi. Rangi gani? Ya krimu. Nilimwambia sipendi krimu. Alisema nitaizoea nikiwa ndani.

Nimelala na furaha, nimeamka nayo.

Mei 5

Mguu unanuka. Bibi anasema ni mvua.

Mei 6

Homa. Amekataa uji. Nimemwambia, "Bibi, leo twende." Amesema, "Tumekubaliana Julai." Nimemwambia mguu haukukubaliana na mtu. Amegeukia ukutani.

Mei 7

Leo naandika yote, kwa sababu nikiacha chochote nitajidanganya baadaye.

Asubuhi nimekwenda shule sijapiga mswaki. Ikram alikuwa ananitazama tu njiani, tumevua viatu, tope mpaka vifundoni. Nikamwambia jambo lilivyo. Nikimpigia Semboja simu leo, atakuja leo. Atampeleka mama yake hospitali, na hatamwacha tena huku peke yake. Atamhamishia kwake Korogwe. Ana mke kule, ana watoto wanasoma kule. Mama akishakuwa kule, atakuja Handeni kutafuta nini? Nikinyamaza, ni wiki chache tu. Tunapeleka karatasi, zinapita, na akishafika hapa hakuna wa kumrudisha.

Ikram akasema, "Bibi mwenyewe kakukataza. Utakuwa umemtii mkubwa."

"Ndiyo."

"Na kidonda kina mwaka mzima. Kitashindwa wiki chache?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona unaniambia mimi?"

Nikakaza mwendo kwenye tope. Na yeye hakutania tena, jambo ambalo si kawaida yake.

Nimeingia kidato cha nne tukapima salfeti. Unayeyusha chumvi usiyoijua, unadondosha ile dawa ya bariamu, kukitokea ukungu mweupe na tindikali isiuondoe, basi salfeti imo. Watoto wameipenda kwa sababu haina ubishi. Imo au haimo. Mimi nimesimama mbele yao na neli mkononi nawaza chumba cha krimu. Nawaza Getu akitoka shule anakuta niko jikoni, anatupa begi bila kunisalimia, kwa sababu mtu wa kila siku hasalimiwi sana. Hicho ndicho ninachokitaka duniani, kutosalimiwa. Nataka mwanangu anizoee mpaka anichoke. Naandika wazi: nilitaka kunyamaza. Mpaka kengele ya mwisho ilipogonga, nilikuwa nimeamua kunyamaza, na nilikuwa nimeshajipangia hata maneno ya kujibu siku nikiulizwa.

Nikapita kwa bibi kwa ajili ya kumwosha tu.

Alikuwa amelala kitandani, khanga imemtoka, mguu mzima umevimba hadi gotini. Alikuwa anatetemeka. Nikamshika mkono, wa moto. Akafungua macho, akanitazama vizuri kabisa, akatabasamu, jambo ambalo kwangu hajawahi kulifanya.

"Hussein. Umefika?"

Nikainama kumfunika khanga.

"Baba, umefika? Mvua imekunyeshea?"

Alikuwa ananipapasa mkono, anatafuta kama nguo imelowa. Nimeujua ule mpapaso. Ndivyo mimi ninavyompapasa Getu akija mbio stendi, natafuta kakonda wapi, kaumia wapi, kitu gani kimempata nikiwa sipo. Huyu mama alikuwa ananyemelea Julai kama mimi ninavyoinyemelea, tofauti ni kwamba yeye hatafika.

"Nimefika mama," nikamwambia. "Haikuninyeshea."

Nikatoka nje, nikasimama kwenye mihogo, nikampigia Semboja. Nilimwambia yote. Mrututu, homa, harufu, na kwamba kila aliponiuliza nikasema anaendelea nilikuwa nafahamu. Alisema, "Nakuja," akakata. Nikawaita majirani, tukambeba kwenye bajaji hadi hospitali, Ikram ameshika ule mguu mapajani kwake njia nzima bila kuziba pua.

Mei 8

Ni sukari. Wala bibi hakujua anayo, na kidonda cha mwenye sukari hakifungi kwa mrututu wala kwa maji ya chumvi. Daktari amesema tumewahi. Uozo ulikuwa umeshuka hadi vidoleni, viwili vimekatwa, mguu umebaki. Amesema asiishi peke yake tena, atafungwa kidonda kila siku, atakula kwa kuangaliwa, na dawa asiruke.

Semboja alifika na nguo za kazini, ana chaki kwenye suruali. Ni mara yangu ya kwanza kumwona ana kwa ana. Mfupi, macho ya mama yake. Alinishika mikono yote miwili, nami nikaangalia pembeni.

Mei 11

Bibi amepata fahamu zake na ulimi wake. Nilipoingia wodini akauliza, "Nani kamwambia?"

"Mimi."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Basi usiniletee uji wako."

Nimemlisha uji. Ameumaliza.

Mei 13

Wameondoka leo kwenda Korogwe, yeye na mwanawe. Nimewasindikiza stendi wakati wa mapumziko. Bibi alikuwa kiti cha mbele, mguu juu ya boksi. Nilidhani bado ana hasira. Basi lilipoanza kuunguruma akanivuta kichwa dirishani, akaangalia nywele, akasema zimefumuka, nani atanisuka sasa. Nikamwambia nitatafuta. Akasema, "Hutapata." Hapo ndipo nilipojua kwamba amelifahamu lote, kwamba Hussein harudi Handeni na mimi sihami. Basi likaondoka. Nimerudi darasani kufundisha chokaa.

Mei 15

Semboja amepiga.

Alianza kwa shikamoo, mtu tuliyelingana naye umri, nikajua kabla hajasema. "Mwalimu Fausta, nakosa hata pa kuanzia. Mama hawezi kurudi Handeni. Hospitali iko karibu na sisi hapa, mke wangu anamfunga kidonda. Nikihamia huko nitamwacha huku, na ndiye niliyekuwa namfuata."

"Naelewa kaka."

"Nilikupa neno langu. Ukisema nije, nitakuja. Wallahi nitakuja."

Angekuja. Namwamini. Nilikaa na hilo neno mdomoni, dogo tu, "njoo", na yeye kule ananisubiri. Nyuma yake nikasikia sauti ya bibi inagombana na mtu kuhusu chumvi ya mboga.

"Kaa na mama yako," nikamwambia.

Baadaye nimelia kwenye stoo ya maabara, mlango nimeufunga, maji yanadondoka kwenye ndoo.

Mei 16

Gregori hakupiga mluzi. Alisema, "Ungenyamaza kidogo tu, Fausta. Kidogo tu." Nikamwambia mzee angekufa. Akasema anajua. Akasema tena, "Najua," halafu akakata simu.

Nilimkasirikia mpaka saa ya kula. Baadaye nikamwonea huruma, kwa sababu na yeye alikuwa amepaka chumba rangi.

Mei 17

Gregori amepiga alfajiri kuomba radhi. Ameniambia jana jioni alikwenda kwa Semboja kumwona huyo bibi aliyetuponza, akiwa na hasira zake. Akakaribishwa chai. Akakaa mpaka giza. Amerudi nyumbani na karanga.

Mei 20

Jua. Nimeanika vitabu vya maabara uani. Mkuu wa shule anasema tutafute mwingine wa kubadilishana naye. Nimesema sawa. Walimu wa Kemia hawaoti kama uyoga.

Mei 24

Mvua imekatika kabisa. Wiki mbili tena tunafunga shule, nitakwenda Kilole likizo, kisha nitarudi huku.

Getu amepiga kwa simu ya baba yake. Sauti ilikuwa juu, ana habari.

"Mama, bibi wa Handeni amefika! Baba alinipeleka. Mguu wake una kitambaa cheupe. Amenisuka. Amenivuta nikalia, lakini nimependeza."

"Umependeza mwanangu."

"Ametoka huko huko kwako?"

"Ametoka huku huku."

"Kwa basi?"

"Kwa basi."

Akanyamaza. Namjua akinyamaza hivyo, anapanga hesabu yake kichwani.

"Sasa mama, yeye mzee, anaumwa mguu, amefika. Wewe basi lako limeharibika?"

Nilikuwa nimekaa kizingitini. Ikram alikuwa anachambua mchele karibu yangu, akaacha kuchambua.

"Ndiyo," nikamwambia. "Limeharibika."

"Wanalitengeneza?"

"Wanalitengeneza."

"Mwambie dereva alilete kwa baba. Baba anajua kutengeneza kila kitu."

Nimemwambia nitamwambia.